Lengalenga na Vumbi Lake

Nyanya za kwanza nilizonunua kwa jina la kantini zilikuwa nzuri juu na mbovu chini. Zilikuwa kreti tatu. Nilizifikisha mlangoni mwa jiko nikiwa nimejaa fahari, na Bertin, mpishi mkuu, akatia mkono mpaka kwenye kitako cha kreti ya kwanza, akautoa ukiwa mwekundu hadi karibu na kiwiko. Alijifuta kwenye aproni, akanitazama kidogo, akarudi kwenye masufuria yake. Siku hiyo wafanyakazi walikula maharage bila nyanya, nami nikakaa mbali na jiko mpaka jioni.

Ninaanza na nyanya hizo kwa sababu ninyi mliochukua nafasi yangu mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, na hilo ndilo la kwanza. Kabla ya kulipa, tia mkono mpaka chini. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike. Atakuheshimu kesho.

Nilikuwa nimetoka ghalani. Kwa miaka mingi nilihesabu boliti, mikanda ya mashine na mapipa ya grisi katika kampuni moja ya machimbo nje kidogo ya Kolwezi. Boliti ina tabia njema: unaiweka leo, unaikuta mwakani. Siku mnunuzi wa kantini alipoacha kazi akarudi kwao, msimamizi alitafuta mtu mwenye mwandiko safi, akaambiwa kuna Deo wa ghalani. Hakuna aliyeniuliza kama ninajua mboga. Nyumbani mboga zilikuwa kazi ya mke wangu, Mama Odile, nami nilikutana nazo zikiwa tayari sahanini.

Kesho yake baada ya zile nyanya nilirudi soko la Manika nikitembea polepole, kama mtu aliyetumwa kuomba radhi. Kwenye meza ya pembeni, mama mmoja mfupi, mwenye kisu kilichofungwa kwa kamba kiunoni, aliniita.

“Tata, jana tulikuona,” alisema, akimaanisha baba. “Banakuuzishia maozo, na weye unasema merci.”

Wenzake walicheka. Nami nilicheka, maana kununa kusingenisaidia kitu.

“Kesho ukuye hapa mbele ya kwenda kwa bengine,” aliendelea. “Mi nitakuonyesha. Hata kama hautanunua ya kwangu, nitakuonyesha. Ile ya jana ilikuwa haya kwa soko muzima.”

Huyo alikuwa Mama Serafina. Watu wake walitoka kaskazini mwa Katanga, lakini yeye alilima bondeni, kwenye barabara ya kwenda Mutshatsha, pamoja na wanawake wengine saba. Alikuwa mkubwa wao, si kwa kuchaguliwa bali kwa sababu ndiye aliyekuwa na sauti. Kila nilichojua juu ya mboga, nilikijua kwake. Kampuni ilinipeleka mara moja kwenye mafunzo ya siku mbili, wakatugawia kalamu na chakula cha mchana. Kalamu ilikuwa nzuri.

Alinifundisha kwa masikio kwanza. Lengalenga, ule mchicha wetu, huitazami. Unavunja shina moja karibu na sikio. Likilia, limechumwa leo. Likipinda bila kulia, limelala mahali, na hutaambiwa wapi. Kabichi unaibonyeza karibu na kikonyo, si ubavuni, maana ubavuni hata iliyozeeka ni ngumu. Nyanya unaitazama ile nyota ya kijani juu: ikikauka na kukunjamana, nyekundu yote iliyobaki ni mapambo. Matembele, majani ya kiazi kitamu, unayanusa. Kitunguu unakibana shingoni. Kwa muda wa mwezi mzima nilitembea nikivunja, nikinusa na kubonyeza, hata wauzaji wengine wakaanza kunificha vitu vyao.

Halafu alinifundisha majira. Mimi nilidhani sokoni kuna vitu au hakuna. Kumbe kila kitu kina wiki zake. Mvua zikikatika mnamo Mei, mabonde bado yana unyevu, na hapo ndipo bustani zinapopamba moto: kabichi, nyanya, vitunguu, lengalenga ya kumwagiliwa, vyote kwa bei ya kuonea huruma. Kiangazi kikikomaa na joto likipanda kabla ya mvua, yanakuja masuku, yale matunda madogo ya porini yanayonyonywa, na maembe ya kwanza. Mvua zikianza, uyoga unaletwa na watu wa barabara ya Mutshatsha ndani ya vikapu vilivyofunikwa majani, na siyo kila mpishi ana moyo wa kuupika. Baadaye mahindi mabichi, kisha parachichi mpaka unalichoka. Mnunuzi anayeomba nyanya nzuri katikati ya mvua kubwa anajitafutia maradhi. Msimamizi aliniomba hivyo kila mwaka, na kila mwaka nilimjibu kwa adabu ileile.

Masuku yalinipatia aibu yangu ya pili. Mwaka mmoja yalikuwa mengi na matamu, nikanunua magunia mawili yawe tunda la baada ya chakula. Watu wa huku walishangilia. Mafundi wageni, ambao hakuna mtu aliyewaambia lolote, waliyauma kama wanavyouma tufaha, na ganda na kila kitu. Mmoja alibaki na kokwa mdomoni mpaka mwisho wa mlo kwa kuona haya ya kutema mbele ya wenzake. Tangu hapo, kila tunda la porini nilikuwa ninasimama nalo mlangoni, ninafinya moja, ninanyonya, ninatema, mbele ya watu wazima wenye shahada. Hiyo nayo ilikuwa kazi.

Kuna jambo moja ambalo sikuliandika katika ripoti yoyote. Mama Serafina, akishakufungia mafungu yako na ukishalipa, alikuwa anatia mkono chini ya meza, anatoa konzi nyingine ya majani na kuiweka juu. “Hii ni ya kuongeza,” alisema. Wauzaji wote wa Manika huongeza, lakini wengi huongeza majani yaliyobaki. Yeye aliongeza yale mazuri. Ya kuongeza haiombwi. Kutoka kwenye mkono wa muuzaji, ukubwa wa ile konzi unakueleza anakuonaje, na ukiwa mjanja huhitaji maelezo mengine. Ya kwangu ilikuwa kubwa. Jumamosi nilipokwenda kununua ya nyumbani, ilikuwa kubwa zaidi, na Mama Odile alizoea kuniuliza kwa utani kama huko sokoni nina mke mwingine.

Sasa nifike kwenye vumbi.

Ninyi mnalijua vumbi letu la kiangazi, siwezi kuwafundisha. Kufikia Agosti, malori yameshaisaga barabara mpaka imekuwa unga, na kila lori linalopita linauinua na kuushusha juu ya kila kitu kilicho kando: nguo, watoto, mikate, mboga. Siku hizo Mama Serafina na wenzake walikuwa wameshaanza kutuletea mboga wenyewe hadi langoni; majani yao yaliondoka bondeni yakiwa ya kijani, yakafika mlangoni kwetu yakiwa na rangi ya tofali. Asubuhi moja Bertin alichukua fungu, akalipiga mezani, na wote wawili tukapiga chafya.

“Deo,” alisema, “mi napikaka mboga. Sipikake barabara.”

Jiko lake lilikuwa na bomba moja na mikono michache, na chakula cha mamia ya watu kilipaswa kuwa tayari kabla ya saa sita. Kuosha majani yale yote hakukuwezekana, au ndivyo sote tulivyokubaliana. Nikakaa, nikafikiri, nikapata jibu zuri sana. Nilichukua kipande cha katoni, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mboga isiyooshwa haitapita, nikakitundika langoni kwa waya. Niliitazama kazi yangu kwa mbali na karibu, nikaridhika.

Mama Serafina ndiye peke yake aliyebisha.

“Mboga yenye mayi haikai, Tata Deo,” alisema. “Uiache na vumbi yake. Mutaosha wakati ya kupika.”

“Mama, ni sheria.”

“Sheria ya nani?”

“Ya kantini,” nilisema.

Ilikuwa yangu. Lakini mtu akishatundika katoni, anaanza kuzungumza kwa jina la wote.

Wiki iliyofuata majani yalifika yaking'aa, maji yakidondoka. Bertin alifurahi. Msimamizi alipita, akasema kantini inaonekana imekuwa ya kisasa. Kiangazi kile kikapita, kikaja kingine, na kingine, na kingine tena. Sikuuliza hata siku moja ni maji gani yaliyokuwa yanayang'arisha. Ghalani nilifundishwa kuuliza kila boliti imetoka wapi. Maji sikuyauliza.

Katika kiangazi cha nne, watu walianza kulalamika kwamba lengalenga ina ladha ya chuma. Mwendesha mtambo mmoja, mtu mzito wa maneno, aliniambia ni kama kulamba funguo. Wengine walisema matumbo yanawasumbua. Muuguzi wa kampuni, aliyekuwa hacheki ovyo, alichukua mafungu mawili mlangoni, akayatia ndani ya mfuko na kuyapeleka kupimwa. Karatasi ilirudi na majina ya madini ambayo kwetu huandikwa kwenye malori, si kwenye sahani.

Msimamizi hakusubiri. Siku hiyohiyo alisimamisha mboga zote za wanawake wa bondeni na kuagiza katoni za mboga kutoka ng'ambo ya mpaka. Zilikuja kabichi zilizofungwa plastiki, zote za ukubwa mmoja, zisizo na ladha yoyote, ya chuma wala ya kabichi. Wanawake wanane walifika langoni na mizigo yao kichwani, wakazuiwa. Kama wangeambiwa tu warudi, ingekuwa nusu ya ubaya. Lakini mlinzi mmoja, kwa kutaka kuonyesha kwamba anajua mambo, aliwaambia wanauzisha sumu. Habari hiyo ilifika Manika kabla yao. Wao walikuwa wanatembea kwa miguu.

Niliamriwa kutafuta chanzo na kuandika ripoti. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, nilipanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, alfajiri nikaenda kuiona bustani ambayo nilikuwa nimekula matunda yake kwa miaka. Mama Serafina alinipokea bila maneno mengi. Matuta yalikuwa yamenyooka, na kwenye kichwa cha bonde palikuwa na chemchemi iliyozungushiwa mawe. Alichota kwa kikombe, akanywa akinitazama, akachota tena akanipa. Yalikuwa maji baridi na matamu. Niliandika kwenye daftari: bustani safi.

Tuliondoka pamoja kurudi mjini, mafungu yakiwa juu ya baiskeli mbili. Malori yalitupita, tukafunika nyuso, na majani yakageuka mekundu mbele ya macho yangu. Kabla ya kuingia mjini kuna daraja dogo juu ya kijito. Hapo wanawake walisimama bila kuambiana, wakashusha mizigo, wakavua viatu na kuingia majini. Hata wateja wa sokoni, wale wachache waliobaki, walikuwa wameshazoea majani yanayong'aa kama yale ya kantini, wakawa hawataki mengine.

Nilibaki juu ya daraja. Kiangazi kilikuwa kimekiacha kile kijito chembamba, kinafika magotini tu. Hatua kama mia hivi kwa upande wa juu, wanaume wachimbaji walikuwa wameinama na mifuko yao wakiosha mawe, na maji yaliyotoka kwao yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yalikuja taratibu, yakapita kati ya miguu ya Mama Serafina. Aliinua fungu lililokuwa linadondoka maji, akalitikisa mara mbili, akanionyesha.

“Angaria, Tata Deo. Sawa vile ulitaka.”

Nilishuka ukingoni.

“Mama, sababu ya nini munaoshea hapa?”

“Njo mayi iko mu njia. Foraji, kile kisima ya mashini, iko mbali, na kule banalipishaka beseni kwa beseni.”

“Na bale bantu kule juu?”

“Bale? Wakati tulianza habakukuwa. Bako hapa tangu kiangazi ya mwaka jana. Banaosha mawe yabo, tunaosha mboga yetu.” Kisha akanitazama usoni, na nadhani alisoma kila kitu palepale. Mkono wake wenye fungu ulishuka polepole. “Tata Deo. Shi ni weye njo ulisema, bila kuosha haipite ku mulango?”

Alilitazama fungu, akayatazama maji, akawaita wenzake watoke mtoni. Kuanzia siku ile hakuna hata mmoja wao aliyeosha tena jani pale darajani.

Ninyi mnaosoma mngefikiri kwamba jioni ile nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. Nilikwenda mezani kwangu. Niliandika kwamba uchunguzi unaendelea. Wiki ya pili niliandika tena kwamba uchunguzi unaendelea, nikabadilisha tarehe. Nilibakiza miaka miwili tu nistaafu, na katoni yangu ilikuwa bado inaning'inia langoni, na mwandiko wangu kila mtu aliujua. Niliogopa. Nimetafuta neno lingine tangu siku ile na sijalipata. Siku moja nilipokuwa natoka, niliitoa ile katoni, nikaikunja, nikaitia chini ya koti. Nyumbani Mama Odile aliniuliza nimeleta nini, nikamwambia takataka.

Katika wiki zile tatu, meza ya Mama Serafina ilikuwa bado imejaa saa sita mchana, wakati ambapo zamani ilikuwa imebaki na maji tu. Wanawake walioijua sauti yake miaka yote walipita mbele yake wakitazama kwingine. Mabaki aliwapa wenye mbuzi. Nilikwenda Jumamosi ya tatu, nikijifanya mteja.

“Uliona mayi,” alisema. “Ulibaambia?”

“Bado naandika, mama.”

“Ni kuandika ya namna gani, ya juma tatu?”

Nilijifanya kuchagua fungu.

“Mi sisumbuke na kantini,” alisema, na sasa sauti ile iliyokuwa inaamrisha soko zima ilikuwa chini sana. “Nitauzisha mahali pengine. Lakini mutoto wangu wa kike ananiuliza kama ni kweli mama yake alilisha bantu sumu. Nimujibu nini, Tata Deo? Nimwambie angojee, ungali unaandika?”

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa msimamizi kabla hajafika. Alikuwa mtu wa mbali, mwenye tabia ya kubofya kalamu yake wakati anasikiliza. Nilimwambia habari ya bustani, ya chemchemi, ya vumbi, ya daraja. Mwishoni niliitoa katoni, nikaikunjua, nikaiweka juu ya meza yake. Kalamu ikaacha kulia.

“Hii ni ya nani?”

“Ni yangu. Hakuna aliyenituma.”

“Kwa hiyo wale wanawake hawana kosa.”

“Hawana. Walifanya nilichowaambia.”

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri jinsi nitakavyomweleza Mama Odile. Mwisho akauliza swali ambalo sikulitarajia.

“Zikirudi na vumbi, nani ataziosha?”

Bertin, aliyekuwa ameitwa, alitazama dari. Nikasikia mdomo wangu ukisema, “Mimi.”

“Deo,” Bertin alisema, “unajua lengalenga ya siku moja ni beseni ngapi?”

Sikujua. Nilikuja kujua.

Msimamizi aliniandikia barua ya onyo, na nyingine kwa wanawake, kwa Kifaransa safi. Hiyo ya pili niliipeleka Manika mwenyewe. Nilisimama katikati ya meza za wauzaji, saa ambayo soko limejaa, nikaisoma kwa Kiswahili kwa sauti niliyokuwa nayo. Ilisema bustani ni safi, wanawake hawana hatia, wanakaribishwa tena, mboga zije bila kuoshwa. Haikusema zaidi. Nikaongeza mwenyewe kwamba sheria ya kuosha ilikuwa yangu, kwamba nilijua habari ya maji kwa wiki tatu, na kwamba nilikaa kimya. Mtu mmoja upande wa dagaa alisema, “Kumbe!” Mwingine alitema mate. Mama Serafina alikuwa anafunga mafungu, na hakuinua kichwa.

Nani aliumia kwa majani yale, na kiasi gani, mpaka leo sijui. Muuguzi alituangalia kwa muda mrefu, mimi nikiwemo, kwa sababu nami nilikula, na Mama Odile alikula, ile konzi nzuri ya Jumamosi. Ni jambo ambalo ninalala nalo na kuamka nalo, na sitawaandikia kwamba limekwisha.

Miaka miwili iliyobaki nilikuwa mnunuzi mpaka saa mbili asubuhi na mwoshaji kuanzia saa mbili. Kwa faida yenu, hivi ndivyo inavyofanywa. Mabeseni matatu, maji ya foraji ya kampuni. Beseni la kwanza ni la vumbi: usisugue, tumbukiza na kuinua, vumbi lishuke lenyewe. La pili ni la mchanga unaojificha kwenye maungio ya shina, hapo unatumia vidole. La tatu, maji yake lazima yabaki maangavu kiasi cha kuona mikwaruzo ya chini. Ukiona wingu, rudia. Usiyamwage maji ya kwanza karibu na mlango, utatengeneza tope na Bertin atakutukana. Mikono itapasuka, mafuta ya mawese yanasaidia kuliko yale ya dukani. Vijana wa ghalani walipita wakanisalimia, “Jambo, mama,” nikawaitikia.

Wanawake saba walirudi langoni. Mama Serafina hakurudi. Mafungu yake yalikuja kwa mikono ya wenzake, yamefungwa kama kawaida, mazuri kama kawaida. Sokoni Manika alianza kuuza majani yenye vumbi, na wateja waliponung'unika aliwajibu, “Mboga ni safi, vumbi ni ya barabara. Uko na mikono, osha.” Polepole walirudi. Binti yake nilimwona mara moja akiwa amekaa naye mezani, wanacheka.

Nami Jumamosi niliendelea kwenda kwake. Alinihudumia kama anavyomhudumia kila mtu. Aliitikia salamu. Alinifungia mafungu ninayoomba, akapokea pesa, akageukia mwingine. Mkono wake haukwenda chini ya meza. Kwa miaka miwili mizima sikupewa hata jani moja la kuongeza. Barua ya onyo niliitia kwenye droo na kuisahau. Lile fungu lililofungwa sawasawa nilikuwa nalibeba mpaka nyumbani nikiwa na huzuni, na Mama Odile alilipokea bila kuleta tena utani wake wa mke mwingine.

Nilistaafu mwaka huu, kiangazi kikiwa katikati. Walinipa saa ya ukutani na hotuba. Bertin aliniambia nimemwachia mabeseni, akayatia rangi ya jiko yasiibwe. Jumamosi iliyofuata niliamka mapema kwa mazoea, nikachukua mfuko, nikapanda taksi-moto hadi Manika. Nilikuwa mzee mmoja anayetafuta lengalenga.

Mama Serafina alikuwa kwenye meza yake ya pembeni. Nywele zake zimekuwa nyeupe upande wa mbele. Zangu pia, lakini mimi nina kofia.

“Leo unanunua ya nani?” aliuliza.

“Ya nyumba tu. Kazi imeisha.”

“Imeisha kabisa?”

“Kabisa, mama.”

Nilimpa pesa. Alipozipokea aliushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama: ngozi iliyopasuka, kucha zilizolainika kwa maji. Aliutazama kwa muda.

“Mikono yako inakuwa ya mwanamuke wa soko,” alisema.

“Ni ile mabeseni.”

“Najua. Balinieleza.”

Alinifungia mafungu mawili, akayaweka mfukoni mwangu. Nikasema asante, nikageuka kwenda.

“Ngojea.”

Mkono wake ulikwenda chini ya meza. Ulirudi na konzi ya lengalenga, kubwa, na mizizi yake na udongo wake, nyekundu kwa vumbi toka juu mpaka chini. Hakuikung'uta. Aliitia mfukoni mwangu juu ya yale mafungu, na vumbi likanirukia kwenye shati.

“Hii ni ya kuongeza,” alisema. “Utaosha weye mwenyewe.”

Nyumbani Mama Odile alipokea mfuko, akaona, kisha akanyoosha mkono achukue beseni. Nikamwambia aache. Nilitoa mabeseni matatu uani, nikayajaza maji, nikavuta kigoda, nikakaa.